Jeraha la Kuonyesha Watu

Ukoo mzima ulikuja kuamua Kinyozi akatwe vipi, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza Kinyozi mwenyewe. Waliingia mmoja mmoja, wakavua viatu mpaka mlangoni pakafanana na meza ya mitumba, kisha wakajipanga sebuleni kwa ukubwa wa sauti: wenye sauti kubwa kwenye makochi, wenye sauti ndogo kwenye mkeka, na mgonjwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ananyonya peremende.

Msusi, mkewe, hakuacha kazi kwa ajili yao. Alikuwa na mteja sakafuni, katikati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kana kwamba imeona kitu. Mteja huyo alishaapa moyoni kwamba hata akimaliziwa hatoki mpaka kikao kiishe. Kuna habari ambazo mtu hafai kuzipata kwa kusimuliwa.

Kikao kiliongozwa na Dalali, kaka mkubwa wa Kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu vyumba vya kupanga. Miaka mingi ya kuwaambia wapangaji kwamba chumba chenye ukungu kina "ubaridi mzuri" ilimpa sauti inayoamini kila inachokisema. Kochi la watu wawili alilikalia peke yake.

"Tumsikilize shemeji," alisema. "Lakini kwa kifupi. Watu tuna shughuli."

"Kifupi ni hiki," Msusi alisema, vidole havisimami. "Ana uvimbe kwenye kongosho. Mdogo, kama punje ya njegere. Si saratani, walishatoa chembe wakapima. Shida yake ni kwamba unamwaga insulini ovyo, kile kitu kinachoshusha sukari mwilini. Unamwaga hata pale ambapo sukari yenyewe imekwisha. Akikaa na njaa kidogo tu, akili inazima kama taa. Ndiyo ile mitetemeko, ndiyo yale majasho, ndiyo yale maneno yasiyoeleweka."

"Haya. Na wanautoaje?"

"Hawautoi. Wanapitisha mpira mrefu wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Kongosho limelala nyuma ya tumbo. Wakishauona uvimbe, wanatoboa kutokea humohumo kwa sindano, wanapitisha umeme, wanauchoma unaiva. Basi. Hawamkati."

"Hawamkati," Dalali alirudia polepole, kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini.

"Hawamkati."

"Uvimbe uko tumboni, na hawamkati."

Wifi mtu, dada wa akina Dalali, alikuwa ameshika mdomo muda wote huo na sasa aliuachia. "Jamani, si mniambie mapema? Nimefunga duka, nimekodi pikipiki, nimefika hapa na pumzi juu, kumbe ni njegere! Kaka, una ugonjwa wa njegere?"

Mkeka mzima ulicheka. Mteja wa sakafuni naye alicheka, na Msusi akamvuta msuko mpaka macho yakamtoka.

"Tena ugonjwa wenyewe dawa yake pipi," Wifi aliendelea, kwa kuwa alikuwa na hadhira. "Wenzetu wakiugua wanakatazwa vitamu. Huyu anaambiwa ale biskuti. Mimi nauomba ugonjwa huo, niuombee wapi?"

"Nitakupa na jina lake la mtaani ukipenda," Msusi alisema. Sebule ikatulia kidogo, maana jina hilo wote walilijua na baadhi yao ndio waliolisambaza.

Dalali akakohoa. "Tusitoke nje ya mada. Mimi sindano nimechomwa toka utotoni. Sindano ni ya homa. Uvimbe una heshima yake, unatolewa kwa kisu, unawekwa kwenye sahani, ndugu wanaonyeshwa. Kuna mpasuaji mmoja, nyumba anayokaa nimempatia mimi. Yule anakuchana toka hapa mpaka hapa." Akajipitisha kidole kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, kwa fahari kama anayeonyesha mpaka wa kiwanja. "Ukitoka kwake, hata jirani asiyekupenda anakiri kwamba ulikuwa mgonjwa."

Pale kwenye kigoda, Kinyozi aliacha kunyonya peremende. Msusi alimwona. Alimwona akilitazama tumbo la kaka yake, pale kidole kilipopita, kwa macho ya mtu aliyepita mbele ya duka na kuona kitu anachokihitaji.

"Basi kikao kimeamua," Dalali alisema. "Mchango wa ukoo ni wa upasuaji. Mambo ya sindano kila mtu ajinunulie."

Walikunywa chai yote, wakatafuta viatu vyao, wakaondoka wakiwa wamechoka kwa wema.

*

Jioni, Msusi alikuwa akifagia nywele za bandia sebuleni, Kinyozi akakaa pale alipokuwa amekaa kaka yake.

"Mama watoto. Mimi nadhani nipasuliwe."

Msusi hakusimamisha ufagio. "Umeanza kutetemeka? Nikuletee juisi?"

"Niko sawa. Nasema kwa akili zangu. Nikichomwa hiyo sindano, nitarudi niko vilevile. Nitamwambia nini Tajiri? Nilikuwa na ugonjwa? Uko wapi? Umepona? Umeponea wapi? Lakini nikiwa na kovu toka hapa mpaka hapa..." Alijipitisha kidole, vilevile kama kaka yake. "Nafunua shati tu. Sihitaji hata kuongea."

Tajiri alikuwa mwenye duka la kunyolea alilokuwa akifanyia kazi Kinyozi, na alimfukuza kwa sababu ambayo mtaa mzima uliijua. Miezi michache nyuma, siku ambayo Kinyozi hakupata nafasi ya kunywa chai, aliingia kijana anayekwenda kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Kinyozi alimnyoa kichwa vizuri, akampunguza ndevu vizuri, kisha bila kuulizwa akashusha mashine juu ya jicho la kushoto na kufuta unyusi wote. Halafu akakaa chini, jasho linamvuja, akaanza kukielezea kioo habari za mvua. Watu wakapiga picha. Tajiri akamnyang'anya mashine mbele ya benchi zima na kumwambia, "Ukiiacha chupa, njoo." Tangu hapo aliitwa Chupa. Alikuwa hajawahi kuonja hata bia. Mkewe mwenyewe, usiku ule, alimsogelea kama anayembusu, kumbe ananusa.

"Kwa hiyo," Msusi aliegemeza ufagio ukutani, "unataka uchanwe tumbo, ulale mgongoni wiki nzima, kongosho likatwe kipande, labda upate kisukari cha kweli, ili ukamfunulie shati mtu ambaye hata salamu yako hapokei?"

"Ni yeye mwenye viti."

"Viti!"

"Mimi najua kazi moja tu, mama watoto. Kazi yenyewe ni kumwekea mtu wembe kooni. Nani atakaa? Niambie wewe. Nani atakaa?"

Msusi akachukua ufagio tena na kupiga nao sakafu mahali palipokuwa safi tayari.

*

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Hakupoteza maneno. Aliwachorea kwenye karatasi: hili tumbo, hili kongosho, huyu hapa mwizi wetu.

"Njia ni mbili. Upasuaji ni njia ya zamani, imezoeleka, uvimbe unatoka kabisa. Ila kidonda ni kikubwa, na kongosho likikatwa linaweza kuvuja maji yake, na hiyo ni shida ndefu. Kuchoma kwa sindano ni njia mpya zaidi. Siwezi kukuahidi kwamba mara moja itatosha, wengine tunarudia. Kongosho linaweza kuvimba kwa hasira, ukaumwa tumbo sana. Lakini uvimbe wako ni mmoja, ni mdogo, unaonekana vizuri, na uko mbali na mrija mkubwa. Kwako wewe, mimi ningechoma."

"Asante, daktari," Msusi alisema.

"Una swali?" Daktari alimuuliza mgonjwa.

Kinyozi alijikuna kichwa, akatazama mlango, akatazama kiatu chake. "Daktari... baada ya kuchoma huko ndani. Mngeweza kunichana kidogo na huku nje?"

"Kukuchana wapi?"

"Hapa tumboni. Juu juu tu, ngozi. Kama urefu wa kalamu hivi. Mnashona nyuzi chache, basi. Msiingie ndani."

Daktari alimtazama kwa muda. Kisha akageuka kwa muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili. "Sista, mpime sukari haraka."

Muuguzi alimtoboa kidole, akasubiri, akasoma. "Sukari iko sawa, daktari."

"Rudia."

"Iko sawa kabisa."

"Kumbe anasema kwa akili zake," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kukosa la kufanya. Muuguzi alirudi kwenye mafaili na mabega yake yakawa yanatikisika. Msusi alitamani sakafu ya hospitali ile, pamoja na vigae vyake vyote, ifunguke immeze na kiti alichokalia.

"Mimi sikati mtu kwa ajili ya majirani," Daktari alisema. "Ukitaka upasuaji kwa sababu ya tumbo lako, nakuandikia kwa mpasuaji sasa hivi, na wala si uamuzi wa kijinga. Ukiutaka kwa sababu ya mtaa, siandiki. Ni lipi?"

Kinyozi alimgeukia mkewe.

"Usiniangalie mimi," Msusi alisema. "Chagua. Lakini huko ndani pakiharibika, atakayekuinua kwenda chooni ni mimi. Si Tajiri. Na kaka yako atakuwa ameshatafuta mpangaji wa chumba chako."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu.

"Sindano," Kinyozi alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha nguo dukani kwa sababu imemzidi bei.

Msusi aliuza mashine yake ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa iliyokuwa inawavutia wateja dirishani, na kwa wiki mbili alikausha vichwa vya watu kwa jua.

*

Ukoo ulisema hautakuja, na ulikuja wote. Haiwezekani mtu apelekwe hospitali kubwa na wewe ubaki nyumbani kupewa habari. Wifi alileta blanketi, mito miwili, na beseni la kujisaidia kitandani. Dalali alileta fimbo ya kutembelea, ili baadaye isisemwe kwamba hakutoa chochote.

Kinyozi alikuwa amelazwa tangu jana yake, tumbo tupu kama linavyotakiwa, na maji ya sukari yakimwingia mkononi kwa mrija ili asizime njiani. Wifi aliukagua mrija huo kutoka juu hadi chini.

"Anaambiwa asile, halafu sukari inampitia mlango wa nyuma. Njaa gani hiyo? Hata mimi ningeshinda."

"Wifi, kaa. Benchi ni bure."

Walimsukuma ndani. Ukoo ulijiandaa kwa mateso marefu: wakavua viatu, wakagawana karanga, Wifi akaanza kuwasimulia watu wa benchi la jirani, ambao hawakuuliza, kwamba kaka yao anafanyiwa kitu kikubwa sana, wataalamu wamejifungia. Hakuwa amefika mbali mlango ukafunguka, Daktari akatoka akivua glavu.

"Limeenda vizuri."

"Lipi?" Dalali aliuliza. "Mmeshamaliza? Daktari, mimi fundi wa kitasa alinikalisha nusu siku."

"Uvimbe tumeuchoma wote, kwa tulivyoona. Sasa tunamwangalia. Tumbo likimuuma tutajua kongosho limekasirika. Kesho tutatoa maji ya sukari tuone kama mwili unajitegemea."

Dalali akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Tunashukuru. Sasa sisi kama ndugu tunaomba tukione mlichokitoa."

"Hatujatoa kitu, mzee. Tumekiua kikiwa palepale."

"Palepale wapi?"

"Kwenye kongosho. Kitasinyaa chenyewe."

"Kwa hiyo bado kimo."

"Kimekufa."

"Lakini kimo."

"Kimo, kimekufa."

Dalali aliwageukia wenzake mikono ikiwa imefunguka, kama wakili aliyekwisha kushinda. Wifi akapiga kofi paja lake. "Maiti imo ndani na wanatuambia amepona!"

Msusi hakukaa kuwajibu. Alipita katikati yao, akaingia kwa mumewe, akamkuta anakoroma mdomo wazi, koo limekwaruzika, tumbo lake likiwa zima na laini kama la mtoto.

Usiku ule aliumwa kiasi, wakampa dawa, maumivu yakatulia. Asubuhi wakautoa mrija. Hawakumpa chakula. Msusi alikaa kando ya kitanda na biskuti kwenye pochi, amezishika kwa juu ya kitambaa, akingoja lile jasho la paji la uso, akingoja macho yaanze kuteleza. Muuguzi alikuja, akatoboa kidole, akaondoka. Akaja tena. Jua lilipanda mpaka dirisha la tatu.

"Mama watoto," Kinyozi alisema.

Akaruka. "Nini? Unaona giza? Hapa uko wapi? Jina langu nani?"

"Nina njaa bwana! Hawa watu hawapiki?"

Alikuwa amenuna. Alikuwa amekunja uso kama mtu yeyote aliyecheleweshewa chakula, na akili zake zote zilikuwa nyumbani, zimekaa, zinalalamika. Miaka miwili njaa ilikuwa inamfikia kama rungu kisogoni, na sasa ilimjia kwa miguu kama inavyowajia watu. Msusi alianza kumgombeza kwamba yeye ni mtu wa kulalamika tu, hata shukrani hana, na aligombeza hivyo huku machozi yanamshuka mpaka muuguzi akafunga pazia.

*

Kinyozi aliporudi nyumbani alibeba mfuko wake mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili, alipanda ngazi za barazani bila fimbo, na fimbo ilikuwa imewekwa pale kwa makusudi.

Sebule ilikuwa imejaa. Watu walimtazama akiingia kwa miguu yake, wakatazamana. Wifi alikuwa amekwisha kuanza sauti ya pole, ile ya kulia kidogo, akaikata katikati.

"Kaka, kaa tukuone."

"Nimekaa."

"Tuone tulichohangaikia."

Na kabla Msusi hajamaliza kuweka mfuko chini, mkono wa Wifi ulishafika. Shati likapanda mpaka kifuani. Ukoo ukainamia tumbo la Kinyozi kama watu wanaotafuta pini iliyodondoka. Mwenye miwani alivaa miwani. Dalali alibonyeza kwa kidole, hapa, na hapa, kama anavyobonyeza ukuta kutafuta unyevu.

"Mgeuze," mtu akasema. Wakamgeuza. Mgongoni nako hakukuwa na kitu.

"Wamepitia mdomoni," Kinyozi alisema, uso kwenye mto wa kochi. "Tuliwaambia."

"Basi fungua mdomo," alisema Wifi. Na yeye, mtu mzima, baba wa watoto wawili, akafungua mdomo.

"Koo jekundu kidogo," Wifi alitangaza. "Kama la mafua."

Msusi alimfunika mumewe shati. "Mmemaliza ukaguzi? Au tuite na majirani walete tochi?"

"Shemeji, usikasirike," Dalali alisema kwa upole wake wa kukodisha vyumba. "Hapa hakuna anayesema mtu hakuwa mgonjwa. Tunasema tu kwamba ugonjwa hauonekani. Sasa mtaani tutasemaje? Bora tuseme aliacha. Mtu akiacha pombe watu wanampokea. Nitaongea na Tajiri mimi mwenyewe."

"Hakuwa anakunywa."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Dalali. "Na ameacha."

*

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu baadaye, na Msusi alikuwa na kichwa cha mtu magotini, aliposikia kwa jirani aliyeingia bila hodi.

"Dada, wewe unasuka huku. Mumeo yuko kwa Tajiri, kaka yake anampigia debe apewe ufagio."

"Ufagio gani?"

"Wa kufagia nywele. Nimewaacha sasa hivi, wanapatana."

Msusi alisimama na kichana cha mkia mkononi. Mteja akauliza nusu yake nyingine je, hakujibiwa, akajitupia kitenge kichwani, akafuata. Jirani naye akafuata. Walipofika barabarani walikuwa wanawake watano, na hakuna aliyekuwa na haja ya kunyolewa.

Duka lilikuwa limejaa. Benchi la kungojea limeshikana mabega, feni inazungusha joto, Tajiri amekaa kwenye kaunta na tumbo lake. Dalali alikuwa amesimama katikati, ndevu za siku kadhaa zimemchipua, maana alikuwa ameshinda kwenye nyumba za watu. Kando yake Kinyozi alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeletwa kuomba radhi.

"Familia tumesimama naye," Dalali alikuwa anasema. "Kaacha kabisa. Wembe usimpe, Tajiri, hata mimi sikuombi umpe wembe. Mpe taulo afue, mpe ufagio. Tumwangalie taratibu."

"Kaacha nini?" Msusi aliuliza kutoka mlangoni.

Benchi zima liligeuka. Dalali alishusha pumzi. "Shemeji, haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Ndiyo maana hayana akili. Kaacha nini? Sema, watu wamekuja kusikia."

"Ile... tabia."

"Tabia gani? Ulimwona na glasi? Wewe Tajiri, ulimwona? Nani humu alimwona?" Hakuna aliyemwona. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwenzake. "Baba watoto, leo umekula nini?"

"Kaka alinipitia kabla ya chai," Kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Sijatia kitu."

"Tajiri, saa ngapi sasa?"

Tajiri alitazama ukutani. "Saa nane inaingia."

"Saa nane. Enzi zile, ikifika saa nne angekuwa anaongea na hicho kioo. Mwangalieni mikono."

Waliangalia. Ilikuwa mikono ya kawaida, imeshika kofia. Haikuwa inafanya lolote. Kinyozi mwenyewe aliitazama kama vile ni ya mtu mwingine.

"Mikono naiona," Tajiri alisema. "Shingo ya kujaribia ndiyo sina."

Hapo benchi likawa na shughuli nyingi. Mmoja alipata ujumbe kwenye simu. Mwingine alikumbuka kwamba yeye amekuja kumsindikiza mwenzake. Msusi aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, mpaka akamfikia shemeji yake na ndevu zake.

"Kaa wewe."

"Mimi?"

"Ulimfunua shati ukatafuta jeraha, ukakosa. Kaa, tuone kama utaondoka nalo."

Duka lililipuka kwa kicheko, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko tusi, kwa sababu hakikuacha njia ya mlangoni. "Mimi nilikuwa napita tu," Dalali alisema.

"Si umesema familia mmesimama naye?" alisema Tajiri, ambaye biashara yoyote ya kumcheka mtu haikumpita. "Kaa basi. Leo kiti kiko wazi."

Dalali alikaa. Mtu aliyewahi kuwaaminisha watu kwamba choo cha nje ni faragha zaidi akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Kinyozi aliweka kofia juu ya kaunta. Akanawa mikono, akafungua wembe mpya kwenye karatasi yake, akapaka povu. Msusi aliona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo.

"Inua kidevu," alisema.

Kaka yake akainua. Koo lake lilikuwa pale, limetanuka, lile fundo la kooni linapanda na kushuka. Wembe ukaanza chini ya sikio. Sauti yake tu ndiyo iliyosikika, kama mtu anayekwangua sufuria chumba cha pili. Dalali alifumba macho na midomo ikawa inacheza. Labda alikuwa anaomba, labda alikuwa anahesabu vyumba vyake. Upande mmoja ukaisha. Wembe ukashuka kooni, ukafika katikati, ukasimama.

Msusi alihisi kichana kinamchoma kiganjani. Wale wanawake wanne walishikana.

"Usimeze mate, kaka," Kinyozi alisema. "Ukimeza mate nitakukata, na mimi ndiye nitakayeambiwa nimelewa."

Dalali hakumeza. Machozi madogo yalimtoka pembeni ya jicho, lakini hakumeza. Wembe ukaendelea, ukapita, ukamaliza. Taulo. Spiriti. Poda kidogo shingoni.

Aliinuka akajishika mashavu, kidevu, chini ya kidevu, akatazama vidole vyake. Akasogea kwenye kioo, akajitafuta upande huu na upande ule. Alipogeuka, rangi ilikuwa imemrudia na sauti pia.

"Mmeona wenyewe? Hata mkwaruzo! Sasa niambieni, mtu aliyekuwa na uvimbe tumboni, mtu wa kupelekwa kwa wataalamu, ndiye anayenyoa hivi? Nilisema toka mwanzo. Huyu hakuwa na ugonjwa wowote."

Benchi likaguna, baadhi wakikubaliana naye. Ilikuwa hoja nzuri. Msusi alifungua mdomo. Alikuwa na kinywa kizima cha maneno, ameyaweka toka siku ya kikao, yamechacha vizuri. Akamtazama mumewe. Hakuwa anamsikiliza kaka yake hata kidogo. Alikuwa anakung'uta kitambaa.

"Lipa pale kwa Tajiri," Kinyozi alisema. "Anayefuata."

Watu wa benchi walitazamana, wakaanza kupeana nafasi kwa adabu ambayo haijapata kuonekana katika duka lile. Tangulia wewe. Hapana, wewe umefika mwanzo. Kisha mwanamume mmoja wa mwisho kabisa, aliyevaa sare ya ulinzi, akasimama akiwa amekasirika.

"Nyinyi mna nafasi ya kupoteza," alisema akiwaruka miguu. "Mimi naingia kazini saa tisa. Punguza pembeni, ndevu toa zote."

Akakaa, akafumba macho. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni.